Kikohozi cha Mara ya Pili

Wodi ya Kifua Kikuu,
Hospitali ya Misheni, Njombe
9 Juni 1996

Dada Ida,

Ukiona barua imetoka Njombe usidhani nimekuja kutembea huku kwenu. Nimerudi wodini. Kile kikohozi nilichokuambia mwezi wa nne kilianza kutoa damu, wakanipima Makambako, wakasema ni TB tena. Nami nilikuwa nimeshazoea kujiita mtu aliyepona.

Nasiri alinileta kwa Fuso lake. Nilikaa nyuma, juu ya magunia matupu ya viazi, maana alisema ndani ya kebini hewa haitoshi. Alipofika alishusha sanduku langu mlangoni, akamwambia nesi, "Mgonjwa huyu hapa," akageuza gari. Sikumlaumu kwa hilo.

Ninalotaka kukuambia ni jingine. Mama mkwe, Bi Rukaya, ametangaza nyumba nzima kwamba ile mara ya kwanza sikumeza dawa, kwamba nilikuwa nazitupa chooni, ndiyo maana ugonjwa umerudi. Nasiri ameamini. Safina wamembakiza kwa bibi yake, na wamesema hata nikitoka hapa sitapewa, kwa sababu mama asiyejali roho yake hawezi kujali roho ya mtoto. Ana miaka mitano, dada. Siku naondoka alikuwa amelala, hawakutaka aamshwe.

Wewe ulikuwa mpangaji wetu, ulikuwa pale barazani na cherehani yako. Kila asubuhi ulikuwa unasimamisha pedali mpaka nimalize kumeza ndipo unaendelea kushona. Hakuna mwingine aliyeniona kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa akikaa karibu nami. Mwandikie Nasiri umwambie ulichokiona. Wewe ni mtu mzima, labda atakusikia.

Daktari wa hapa anaitwa Anselmi. Aliniuliza, "Mama, niambie kweli, ulimaliza dawa?" Nikasema nilimaliza. Akaandika bila kuniangalia.

Kwenye kitanda cha jirani yuko bibi mmoja wa huko Kitulo, anajua Kikinga tu. Tunasalimiana kwa mikono, kisha kila mmoja anageukia ukuta wake. Madirisha hayafungwi, wanasema hewa ni dawa. Baridi yenu hii, jamani.

Na wewe kikohozi chako cha moshi je? Umeshatoboa dirisha jikoni?

Mdogo wako,
Tausi


Ulembwe
23 Juni 1996

Mdogo wangu Tausi,

Kamwene. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama shambani, nikaisoma tena nimekaa. Nimemwandikia mumeo. Nimemwambia kwamba mimi Ida Mligo, ninayemwogopa Mungu, nilikuona ukimeza dawa tangu mwanzo mpaka siku waliyokuambia basi, na kwamba siku ulizokuwa ukitapika ulikuwa unalia kwa hofu kwamba umezitapika nazo. Sijui kama nimeandika vizuri. Kiswahili changu ni cha darasa la saba na cha wateja.

Huku nimerudia viazi. Baridi ya juzi imeunguza majani yote ya bondeni, yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Cherehani nimeifunika kwa shuka. Nani atashona gauni wakati mitumba inamwagwa chini kila mnada na mtu anachagua anachotaka? Kule Makambako mwishoni nilikuwa nashona vifungo tu vilivyokatika kwenye mashati ya Wazungu waliokufa. Hata hivyo naikumbuka baraza yenu kuliko ninavyowakumbuka wateja. Nakumbuka ile bakuli ya maharage tuliyokuwa tunachovya wote wawili, wewe mkono huu, mimi mkono huu, na wifi zako wanapita wameangalia pembeni.

Mwanangu Elius bado yuko Mufindi kwenye mashamba ya chai. Haandiki. Jioni nikishafunga kuku nazungumza peke yangu ili nisisahau sauti yangu ilivyo.

Kikohozi ni moshi na baridi, usinihofie. Tangu mwaka jana kinakwenda na kurudi. Nimekutumia soksi za sufu, nimezifuma mwenyewe. Zivae na wakati wa kulala.

Bwana akulinde.
Dada yako,
Ida


S.L.P. Makambako
2 Julai 1996

Kwa Mama Elius,

YAH: BARUA YAKO

Barua nimeipata. Nakuheshimu, uliishi kwangu vizuri na hatukuwahi kugombana.

Ila nakuomba uelewe. Nimekuwa dereva wa serikali miaka mingi kabla hawajatupunguza kazi, na nimezoea kuamini kitu kinachoonekana. Dawa ikimezwa inaponya. Hivyo ndivyo walivyotuambia hospitali mara ile. Yeye ameugua tena. Mimi nitasema nini mbele ya mama yangu? Wewe ulimwona akitia kidonge mdomoni. Kama alikwenda nyuma ya nyumba akakitema, hukumwona.

Mtoto atabaki kwa bibi yake. Hili ni jambo la nyumba yangu, nakuomba usiniandikie tena kulihusu.

Wako,
Nasiri


Wodi ya Kifua Kikuu, Njombe
4 Agosti 1996

Dada Ida,

Soksi zilifika, nazivaa. Nasiri hakuniandikia, kwa hiyo nimejua alivyokujibu.

Sindano za kila asubuhi zinakaribia kwisha. Makalio yamekuwa magumu kama ubao na masikio yanavuma. Yule bibi wa Kitulo alifariki. Walimchukua asubuhi, na kitanda chake bado hakijapata mtu.

Sasa sikiliza jambo lililotokea. Daktari Anselmi alivuta kiti akakaa karibu nami, kitu ambacho hapa hawakifanyi. Akasema, "Mama Safina, mtu akiugua TB mara ya pili kuna mambo mawili. Huenda wale wadudu wa zamani hawakufa wote, wamejificha, wameamka. Au wa zamani walikufa kabisa, na ameambukizwa upya na mtu mwingine."

Nikamwuliza, "Si mnawaona kwa darubini? Hamwezi kujua ni wale wale au ni wengine?"

Akasema, "Kwenye darubini wote ni vijiti vyekundu. Hata mimi siwezi kuwatofautisha. Lakini ndani ya kila mdudu kuna vinasaba, kile anachorithi kwa mzazi wake. Kuna maabara Ulaya wanavitoa, wanavikata vipande, wanavipitisha kwenye kitu kama jeli kwa nguvu ya umeme. Vipande vifupi vinakwenda mbali, virefu vinabaki nyuma. Mwisho inatoka picha kama ya eksirei, ina mistari myeusi. Wadudu wa ukoo mmoja, mistari yao inakaa mahali pale pale. Wa ukoo mwingine, inakaa kwingine. Ni kama alama za vidole vya mtu."

Nikakukumbuka wewe ulivyokuwa unashika vipande viwili vya bluu. Mimi naona ni kitambaa kimoja, wewe unavigeuza nyuma unasema, hivi si vya jora moja.

Anasema makohozi yangu ya mara ya kwanza hayakutupwa. Wadudu wake walioteshwa na kuwekwa kwenye barafu Dar es Salaam kwa ajili ya utafiti wake. Sasa watapelekwa pamoja na hawa wa sasa, wakalinganishwe. Itachukua miezi mingi. Akaniuliza mwishoni, "Je, kuna mtu uliyekuwa ukikaa naye karibu, mwenye kikohozi cha muda mrefu?"

Nikasema hakuna.

Dada, nenda kapime na wewe. Si kwa sababu yoyote. Nenda tu.

Mdogo wako,
Tausi


Makambako
15 Septemba 1996

Dada Ida,

Umekaa kimya. Labda ni mavuno.

Nimetoka wodini. Nimepanga chumba karibu na stesheni ya reli, nameza vidonge vilivyobaki. Treni ikipita kikombe kinatembea mezani. Nyumbani hawanitaki, na sikwenda kuomba.

Siku za mnada napita upande wa pili wa barabara, mbele ya duka la Bi Rukaya. Safina anakaa kwenye ngazi na watoto wa wifi yangu. Nywele wanamsuka vibaya, wanamvuta sana kwenye paji. Juzi aliniona. Akasimama, akaangalia ndani ya duka kwanza, kisha akanipungia mkono chini chini, hapa kwenye paja, ili asionekane. Mtoto wa miaka mitano ameshajua kuficha.

Nilirudi chumbani sikuweza kula.

Niandikie hata mistari miwili.

Tausi


Hospitali ya Bulongwa
27 Oktoba 1996

Mdogo wangu Tausi,

Usishangae niliko. Nilikuja Bulongwa kumzika shangazi yangu, na siku ya pili ya msiba nilikohoa damu mbele ya watu, nikaanguka. Methodi, mtoto wa marehemu, alinibeba mgongoni mpaka hapa hospitali. Walipima. Ni hiyo hiyo yako.

Wamenilaza. Nitakaa miezi miwili. Mvua zimeanza na barabara ya kushuka Njombe imekatika, kwa hiyo usijaribu kuja. Hata makohozi yangu yalisubiri gari siku nyingi kwenda kwa Daktari wako Anselmi, maana naye anakusanya ya hospitali zote za huku kwa ule utafiti.

Nimefikiri sana hapa, sina kazi nyingine. Najua unachofikiria, kwamba wewe ndiye uliyenipa. Basi nakuambia mapema, kabla hujaanza kujitesa. Kama niliupata kwako, niliupata nikiwa nimeshiba na nikiwa nacheka. Sijutii. Mume wangu alipokufa nilikaa miaka saba bila mtu wa kula naye. Wewe ulinisogezea bakuli.

Mara ile daktari alisema umepona, nasi tukaamini. Kama hukupona sawasawa, kosa si lako. Nimekusamehe kabla ya kuulizwa, na sitaki tulizungumze tena.

Chumba chetu kina wanawake watatu. Wawili wana watu wa kuwaletea ugali. Mimi nangoja wa hospitali.

Omba kwa Mungu wako, nami naomba kwa wangu.

Dada yako,
Ida


Makambako
30 Novemba 1996

Dada Ida,

Barua yako imechukua mwezi mzima kufika. Bahasha ilikuwa imelowa, wino umesambaa, ila nimesoma yote.

Umenisamehe. Sijui nifanye nini na msamaha huo. Nilimeza dawa zote, dada, na wewe unajua, lakini sasa hata mimi nimeanza kujiuliza kama kuna siku niliruka. Nikilala nahesabu zile asubuhi moja moja. Kama ni mimi niliyekuharibia mapafu, Bi Rukaya alikuwa na haki.

Nakuombea upone. Nikipata mtu wa kuja huko nitakutumia sukari na kitenge.

Tausi


Makambako
26 Februari 1997

Dada Ida,

Nakuandikia huku Safina amelala kwenye mapaja yangu, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Majibu yalikuja. Daktari Anselmi aliniita, akamwita na Nasiri. Nasiri alikuja na kofia mkononi, akakaa mbali. Daktari akatundika ile picha kwenye taa ya eksirei. Milia miwili imesimama pamoja, kila mmoja na mistari yake. "Huu wa kushoto ni wadudu wa mara ya kwanza," akasema. "Huu wa kulia ni wa mwaka jana. Angalia mistari." Hata mtoto angeona. Wa kushoto una mistari mingi imebanana juu. Wa kulia una michache, tena imekaa chini.

Nasiri akasema, "Maana yake nini?"

Daktari akasema, "Maana yake mkeo aliwamaliza wale wa kwanza wote. Dawa alimeza. Huu ni ugonjwa mwingine, aliupata kwa mtu mwingine."

Nasiri aliikaribia ile picha, akawa anafuata mistari kwa kidole bila kuigusa, kama anavyofuata ramani ya barabara. Kisha akauliza, "Kwa nani?"

Daktari akasema hajui, na hata angejua si lake kusema.

Tulirudi pamoja, ndani ya kebini. Tulipofika alishuka, akaingia dukani kwa mama yake, akatoka amembeba Safina na nguo zake kwenye mfuko, akanikabidhi. Basi. Hakuna aliyesema samahani. Sikuwa naingoja.

Umeona, dada? Hukuupata kwangu ule wa zamani. Huu wangu wa pili sijui nilikoutoa. Huenda ni sokoni, huenda ni kwenye treni, watu wangapi wanapita Makambako wanakohoa? Usihangaike kufikiria.

Dawa zangu zimekwisha. Wewe umebakiza ngapi?

Mdogo wako,
Tausi


Ulembwe
29 Aprili 1997

Tausi,

Barua yako ya mwezi wa pili niliifurahia sana kwa ajili ya mtoto. Nikaisoma mara ya pili na furaha ikapungua. Uliniambia nisihangaike kufikiria. Mimi ni mtu wa kukaa peke yangu, kufikiria ndiyo kazi yangu.

Jana nilikwenda Njombe kupima. Daktari Anselmi alikuwepo. Nikamwuliza, "Na mimi picha yangu imetoka?" Akasema imetoka. Nikamwuliza, "Wadudu wangu wamefanana na wa mtu?"

Akasema, "Mama, siwezi kukutajia mgonjwa mwingine."

Nikasema, "Sikuombi jina. Yupo au hayupo?"

Akasema, "Yupo mmoja."

Sikuhitaji jina.

Nilikuwa nakohoa tangu mwaka wa tisini na tano. Wewe ulikuwa umeshapona. Nilikohoa kwenye baraza yako, kwenye bakuli yako, kitandani kwako zile siku Nasiri alipokuwa safari na wewe ukaogopa kulala peke yako. Wote walikukimbia wewe, na mgonjwa nilikuwa mimi. Uliwekwa nyuma kwenye magunia kwa sababu yangu. Mtoto alichukuliwa kwa sababu yangu. Halafu nikakuandikia kutoka Bulongwa kwamba nimekusamehe. Nikikumbuka maneno yale natamani ardhi inifunike.

Nadhani ulijua. Ulipoambiwa umtaje mtu mwenye kikohozi ulisema hakuna.

Usiniandikie tena. Si kwa ubaya. Mlee mtoto.

Ida


Makambako
11 Mei 1997

Dada Ida,

Umesema nisiandike. Naandika.

Ndiyo, nilihisi. Tangu siku ile daktari aliponiuliza, sura yako ndiyo iliyonijia. Nilinyamaza kwa sababu ningesema nini? Nilikuwa na mtu mmoja tu.

Wiki iliyopita nilimfuata daktari na kumwuliza kuhusu picha mbili zikifanana. Akasema picha inaonyesha kwamba wadudu ni wa ukoo mmoja. Haionyeshi nani alimpa nani. Inawezekana mtu wa tatu alipita akatupa wote wawili, tusimjue mpaka kufa kwetu. Nikamwuliza, "Wewe unaamini nini?" Akasema yeye kazi yake si kuamini, ni kulinganisha mistari.

Nijibu, dada.

Tausi


Makambako
1 Juni 1997

Dada Ida,

Bado kimya. Acha nikueleze ya nyumbani, huenda utasoma hata kama hujibu.

Nimerudi kwa Nasiri. Bi Rukaya ananiita mwanangu sasa, lakini kikombe changu anakisuuza mara mbili. Nasiri anakula nami sahani moja, ila naona anavyokiangalia kijiko kabla hajakitia mdomoni. Nilidhani nikipata haki yangu nitakuwa na watu. Nimepata haki, na nyumba imejaa, na jioni nakaa barazani pale ilipokuwa cherehani naona nafasi tu.

Ijumaa tulipomaliza kula Bi Rukaya aliuliza mbele ya wote, "Haya, kama si wale wa zamani, basi ni wa nani?" Wifi mmoja akasema, "Si yule fundi cherehani Mbena? Si alikuwa anakohoa?" Wote wakanigeukia, na Nasiri pia.

Nikawaambia, "Daktari alisema nimepona, ninyi mkanitengea sahani ya bati. Mlikuwa watu saba ndani ya nyumba hii na mimi nikala na mpangaji. Kama nimeupata kwake, nimeupata kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekubali kukaa. Mngekula nami ninyi, ningekuwa sina haja ya baraza."

Nasiri alitoka nje.

Sasa lililonifanya nishike kalamu leo. Daktari alikuja kliniki hapa. Nesi Dafroza wa zahanati yenu amemwambia kwamba hukuchukua dawa za mwezi wa tano, na alipokufuata nyumbani ulimwambia umechoka. Daktari ana hofu. Anasema ukiacha katikati, wadudu watakaobaki watakuwa sugu, na hakuna dawa nyingine ya kukupa.

Mimi sina hofu ya wadudu. Nina hofu kwamba umekaa mle ndani umefunga mlango unajiadhibu, na unadhani ni mimi ninayetaka hivyo.

Sitaki. Unanisikia, Ida? Sitaki.

Tausi


S.L.P. Makambako
9 Juni 1997

Kwa Mama Elius,

YAH: SAFARI YA MKE WANGU

Niliwahi kukukataza kuniandikia. Leo naandika mimi.

Jumamosi gari langu litapita Ulembwe kupakia viazi. Tausi atakuwemo pamoja na Safina. Nilimwambia nitamshusha asubuhi na kumchukua jioni. Amekataa. Anasema atakaa kwako mpaka dawa zako ziishe, na kama sitaki atapanda basi. Nimekubali.

Mimi sijui kuzungumza mambo haya. Nilikuita mwongo kwa maneno ya adabu, na ulikuwa umesema kweli. Naleta gunia la mchele na sabuni. Kama mlango umefungwa atangoja nje, namfahamu, kwa hiyo usiufunge, kuna mtoto na baridi ni kali.

Wako,
Nasiri


Ulembwe
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu Tausi,

Kamwene wewe, kamwene Safina, na Nasiri msalimie. Mliondoka mwezi wa nane, na mpaka leo napika ugali wa watu watatu. Kuku wamenenepa.

Nimesikia kutoka kwa dereva wa viazi kwamba Safina ameanza chekechea, na kwamba akigombana na wenzake anawatukana kwa Kibena. Hilo si kosa langu. Ni Methodi wa Bulongwa aliyemfundisha alipokuja kutusaidia kupanda.

Nataka kukuambia kitu ambacho sikukisema ulipokuwa hapa. Siku ile lori liliposimama, niliwaona kwenye upenyo wa dirisha. Nilikuwa nimekaa chini nyuma ya mlango nikisema moyoni, akibisha mara moja tu sifungui. Wewe hukubisha. Ulikaa kizingitini ukaanza kumchambua Safina chawa, unamwambia, "Tulia, mama yako mkubwa amelala." Nilikusikiliza mpaka jua likawa limefika kichwani. Nilifungua kwa sababu mtoto alisema ana kiu.

Wala hukunilazimisha dawa. Uliziweka mezani karibu na chumvi, kila asubuhi, na ukaendelea na kazi zako.

Jana nilikwenda Njombe kwa kipimo cha mwisho. Hakuna wadudu. Daktari Anselmi alinipa mkono. Akasema kwa kuwa sisi wawili tumeshaambiana wenyewe na wewe umemruhusu, anaweza kunionyesha picha ikiwa nataka. Niliogopa, kisha nikasema nataka.

Akaiweka kwenye taa. Milia miwili, yako na yangu. Nilisogea karibu kama ninavyosogelea mshono. Mistari michache, imekaa chini, huku na huku sawa. Nilitafuta mahali pa kosa, hata mstari mmoja uliopanda kidogo, sikuuona. Namba zilikuwa zimeandikwa chini kwa kalamu. Daktari akaziziba kwa kiganja chake, akaniuliza, "Upi wako?"

Niliangalia mpaka macho yakatoa machozi, maana ile taa ni kali. Nikamwambia sijui.

Akasema, "Hata mimi nikiziba namba sijui. Hata wale wa Ulaya hawajui."

Nilimshukuru nikatoka. Basi la Ulembwe lilikuwa bado, nikakaa kwenye benchi nje ya hospitali kati ya watu wasionifahamu. Nilikuwa peke yangu, kama kawaida yangu, lakini mwili ulikuwa mwepesi. Nikanunua mapeasi, nikala yote.

Dada yako,
Ida